Ng'ombe Walipohamia Jikoni

Schecke aligoma mlangoni. Alikuwa ng'ombe wetu wa kwanza hapa Dakota, mwenye mabaka na kichwa kigumu, na jikoni hakuwahi kukanyaga maisha yake yote. Mama alikuwa mbele akimvuta kwa kamba, mimi nyuma nikimsukuma kwa bega, na baba yangu, Philipp Ketterling, amesimama nje kwenye theluji, mikono mfukoni, akitazama upande mwingine kabisa.

"Sukuma basi, Ottilie!" Mama alifoka. "Au unambembeleza?"

Nikasukuma. Schecke akaingia, akanusa rafu ya sahani, akainua mkia na kuachia mzigo palepale ilipokuwa meza ya chakula. Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Baba hakucheka.

Wajukuu zangu wananiomba nisiisimulie habari hii mbele ya wageni. Eti aibu. Aibu gani? Nina miaka sabini na tisa, na sijawahi kufanya jambo la maana kuliko kusukuma makalio ya ng'ombe yule. Asiyetaka kusikia na azibe masikio.

Sisi ni Wajerumani, ila tulitokea nyika za Urusi, na kule watu na mifugo walikaa chini ya paa moja: watu upande huu, ng'ombe upande ule, mlango katikati. Baba alijenga hivyohivyo huku. Majira yote ya joto tulikata udongo wenye nyasi vipande vipande kama matofali makubwa, tukavipanga mpaka kuta zikasimama. Upande wetu Mama aliusiriba na kuupaka chokaa ukang'aa. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mikono imejaa malengelenge, na nilijiona nakaa kwenye jumba la kifalme.

Mwezi wa kumi akaja Crandall, jirani aliyechukua shamba la upande wa magharibi. Alikuja na mnyororo wa kupimia. Baba alikuwa amepima shamba letu kuanzia kwenye jiwe alilodhani liliwekwa na wapimaji wa serikali. Kumbe lilikuwa jiwe tu, la Mungu. Alama yenyewe ya mpaka ilikuwa kigingi kilichofunikwa na nyasi, hatua ishirini mashariki yake. Mpaka ulipita katikati ya nyumba yetu, pale penye mlango wa ndani. Upande wa watu ulikuwa ardhi ya Crandall. Zizi, ule upande wa ng'ombe, ndilo lilikuwa letu.

Crandall alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Bwana Ketterling, waliohamia shambani kwako ni ng'ombe! Wewe mwenyewe bado hujafika!"

Mimi ndiye niliyetafsiri, maana Kiingereza nyumbani nilikijua mimi peke yangu. Nilikiokota kwa kufua nguo katika nyumba ya wageni tulipofikia. Natamani ningesema uongo, lakini nilimwambia Baba maneno yote kama yalivyo.

Ardhi serikali ilitoa bure, ila ndani ya miezi sita lazima mwenye shamba awe anaishi juu yake. La sivyo, mtu mwingine anaweza kuiomba. Na Crandall alikwisha kuiomba. Zilibaki siku tatu. Theluji ilikuwa imewahi mwaka ule, ardhi ngumu kama chuma, hukati hata tofali moja.

"Tumekwisha," Baba alisema. "Nitakwenda nimwangukie miguuni atukodishe."

"Umwangukie nani?" Mama akauliza. "Baba Ottilie, zizi liko kwetu au haliko?"

"Liko."

"Basi tunahamia."

"Nilale zizini? Mimi? Magdalena, umerukwa na akili? Watu watasema nini?"

"Watasema Ketterling ana shamba."

Mjue kwamba kule Urusi babu yangu alikuwa mkuu wa kijiji, na Baba alizoea watu wamvulie kofia njiani. Umaskini aliuvumilia. Kuchekwa hakukuweza.

Siku mbili tulikwangua samadi mpaka tukafika kwenye udongo mkavu. Tukausawazisha, tukapaka chokaa kuta zote. Mama alibomoa jiko letu tofali kwa tofali, na Baba akalijenga upya zizini. Harufu? Ilikuwepo, sitaki kuwadanganya. Lakini kitanda kilitandikwa shuka safi, na siku ya tatu asubuhi tambi za Mama zilikuwa zinachemka mle ndani.

Saa nne ukaja mkokoteni wa thelujini, ndani yake Crandall na bwana mmoja wa ofisi ya ardhi. Crandall akafungua jikoni kwa mbwembwe, akakutana uso kwa uso na Schecke. Yule bwana akaingia, akazunguka, akatoka viatu vimejaa samadi. Akamgeukia Baba.

"Bwana Ketterling, unaishi wapi?"

Nikatafsiri. Sheria haikutaka neno la Mama wala langu. Ilitaka kauli ya mwenye shamba. Baba akainama, akatazama theluji.

"Anaona haya," Crandall akasema. "Nani anaishi zizini, jamani?"

Ulimi uliniwasha. Nilikuwa na Kiingereza cha kutosha kumjibu na kumtukana juu. Mama akanibana mkono. "Mwache," akaninong'oneza. "Aseme mwenyewe."

Yule bwana akangoja, akakunja daftari lake, akauendea mlango wa zizi ajionee. Mguu wake ulikuwa umekwisha kuinuka kukanyaga kizingiti pale Baba aliponyanyuka kama aliyechomwa, akapita mbele yake na kuweka mkono kwenye mwimo wa mlango.

"Ottilie," akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kule Urusi, "mwambie bwana huyu afute viatu. Mke wangu amefagia. Hapa ndipo ninapoishi."

Nilitafsiri kwa sauti kubwa ili hata Crandall asikie. Sijawahi kumwonea mtu fahari kama nilivyomwonea baba yangu akiwa amesimama kwenye mlango wa zizi.

Yule bwana akachungulia kuta nyeupe, kitanda, sufuria juu ya jiko. Akafuta kiatu cha kulia, akafuta cha kushoto, akavua kofia, ndipo akaingia. Akafungua daftari mezani kwetu na kuanza kuandika.

Mama akamsogezea kikombe cha kahawa. Kisha akatazama nje, Crandall alikokuwa amesimama peke yake akipiga miguu chini kwa baridi.

"Mwambie na yule aingie," akaniambia. "Ila viatu."