Mfasiri wa Nyumbani

Mwaka 1967 nilianza kusoma fasihi ya Wawelisi kwa posta. Mhandisi mmoja wa kambi ya mafuta, mtu wa Wales, alikuwa akija kwenye ghala la Matrah, karibu na Maskati, nilikokuwa karani, na kila akija ananikuta nasoma gazeti kuukuu la Kiingereza, mpaka matangazo yake. Alipoondoka aliniachia sanduku la vitabu na anwani ya dada yake, mwalimu huko kwao. Dada akakubali kunisomesha. Yeye anatuma swali, mimi najibu, na baada ya miezi miwili jibu langu linarudi na wino mwekundu.

Vitabu nilivipanga mafungu mawili: vilivyoandikwa na Wawelisi kwa Kiingereza, na vilivyoandikwa kwa Kiwelisi kisha vikatafsiriwa. Nilisoma baada ya sala ya alasiri, kimoja cha huku, kimoja cha kule, na kila nisichokielewa nikakiandika daftarini. Theluji sikuielewa, wala machimbo ya makaa. Bibi aliyewagombeza wajukuu kwa kuingia ndani na viatu vya tope nilimwelewa mara moja.

Swali la nne liliuliza kwa nini waandishi wa fungu la kwanza hawakuandika kwa lugha ya wazee wao. Nilitafuta wiki tatu. Nikaona kwamba wengi hawakuijua. Wazazi waliijua, lakini hawakuwapa watoto, ili wasichekwe shuleni na wapate kazi. Nilijibu kurasa sita. Niliandika kwamba wazazi wale wasihukumiwe upesi, kwani kila mmoja alitaka mwanawe apite mlangoni bila kuulizwa katoka wapi. Mwalimu aliandika pembeni kuwa hilo ni jibu bora kuliko yote niliyowahi kumpelekea.

Sikumweleza nimelitoa wapi. Mimi na mke wangu Kheiria tulitoka Unguja mwaka 1964, binti yetu Hind akiwa na miezi minane. Hapa Maskati watoto wa mtaani walitufuata nyuma, "Zinjibari, Zinjibari," na watu wazima waliniuliza kama kweli mimi ni Mwarabu, maana Kiarabu changu kilikuwa kikikwama. Nikaamua kwamba na Hind tutasema Kiarabu tu.

"Ntambembeleza vipi kwa lugha ya kuazima?" Kheiria aliniuliza.

Lakini alifuata. Kiswahili tukakiweka chumbani, mlango umefungwa.

Mwaka 1969 Bi Masouda, mama yake Kheiria, alipata ruhusa ya kutoka Unguja. Alifika amekonda, kifua kinamuuma. Alimkumbatia Hind akamwambia maneno mengi kwa pumzi moja. Hind, mtoto wa miaka sita, akanitazama mimi.

Basi nikawa nakaa kati yao kila jioni.

"Mwambie babu yake alikuwa na punda mweupe," alisema Bi Masouda. "Akifika Darajani hasogei mpaka muuza kahawa amwamkie. Siku moja muuza kahawa kafiwa, hakuja. Punda kasimama pale mpaka adhuhuri, na babu yake juu, kavaa joho la harusini."

Nikamwambia Hind kwa Kiarabu kwamba babu yake alikuwa na punda mkaidi.

Bi Masouda alinikazia macho. "Mie nimesema kutwa nzima, wewe maneno matano?"

"Nimefupisha, mama."

"Nani kakutuma ufupishe? Kheiria, mumeo anakata hadithi kama anakata kucha."

Kheiria alicheka, kisha akaacha.

"Hebu ondoka hapo kati, baba," Bi Masouda akaniambia. "Niache na mjukuu wangu."

Niliondoka. Kupitia dirishani niliwaona wanatazamana. Bibi akamshika mtoto vidole, akavihesabu kimoja kimoja. Baada ya muda Hind alikuja kunivuta kanzu nirudi.

Nilianza kumfundisha kwa utaratibu, maneno matano kwa siku, kama nilivyojifunza Kiingereza mwenyewe. Alikuwa akisimama mbele ya bibi yake na kuyasoma: maji, kikombe, mlango, mkono, jua. "Anansomea kama yuko chuoni," alisema Bi Masouda, lakini kila siku alimngoja. Tulifika maneno hamsini na tano. Siku ya kumi na mbili homa ilimpanda bibi, na Hind akakatazwa kumchosha.

Wiki iliyofuata, asubuhi, Kheiria alikwenda hospitali ya Matrah kumchukulia mama yake dawa. Mimi nilikuwa ghalani. Tulimwacha Hind mlangoni pa chumba, akae amwangalie. Nilipofika adhuhuri, Kheiria alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda na chupa ya dawa mkononi. Bi Masouda alikuwa ameshafariki. Hind alikuwa amekaa kitandani, mkono wake bado umo mkononi mwa bibi.

"Bibi kasema nini?" Kheiria alimuuliza, kwa Kiswahili.

Hind akanitazama. Nikamfasiria swali la mama yake mwenyewe.

"Alisema mengi," alijibu kwa Kiarabu. "Alisema sana. Mimi nikasema naam, naam."

"Neno lolote, mwanangu. Hata moja."

Nikafasiri tena. Hind akafikiri sana, akatikisa kichwa.

"Alikuwa analia?" Kheiria aliuliza, sasa kwa Kiarabu.

"La. Alicheka kidogo. Halafu akanyamaza, akanitazama."

"Akakutazama vipi?"

"Kama ameniuliza kitu," Hind alisema. "Alingoja."