Weusi wa Majoho Thelathini

Jumanne ya tarehe 11 Novemba 2014, saa nne asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika. Mwenyekiti Mudathiri alipita kwenye banda la kikundi cha watia rangi, Kasulu mjini, akachungulia pipa lililokuwa likitokota, akaona majoho thelathini ya mahafali yamelowa, meusi ti. Akasema yameshaiva, yaanikwe, chuo kilichoyaleta kutiwa rangi kije kuchukua.

Felisiani, mpika rangi, akamwambia bado. Tetroni, kile kitambaa cha majoho, ikilowa humdanganya mtu; ikikauka inameremeta, na ule weusi unageuka jivu. Lazima ichovywe kwenye dawa ya kumalizia, ile nyeupe kama maziwa, kisha ipigwe pasi ya moto. Hapo ndipo nguo inaacha kumeremeta na rangi inazama. Kipimo alikiacha marehemu mkewe, Immaculée, aliyelianzisha banda lile: lowesha kidole gumba, bonyeza nguo kavu. Alama ikionekana, kazi haijaisha.

Mwenyekiti akacheka. "Mzee, cheusi ni cheusi. Unataka ukitie weusi gani tena, wa masizi?"

Dawa ilikuwa stoo, na ufunguo wa stoo mfukoni mwa Mwenyekiti, maana wakubwa hawamwamini mtu aliye karibu na kazi. Akapanda basi la Kibondo kwenda kwenye mkutano wao, na ufunguo nao ukaenda kukaa mkutanoni.

Felisiani alisubiri. Immaculée angelikalia lile furushi la majoho, asiondoke mtu nalo. Yeye, Ijumaa gari la chuo lilipokuja, alilitoa.

Jumamosi jua likawaka, wahitimu wakasimama uwanjani kama watu waliotoka kuzoa majivu. Jumatatu kikundi kikaitwa. Mwenyekiti akasema mpika rangi amezeeka, shule hana, awapishe wengine kwenye pipa. Pipa la Immaculée.

Felisiani akasimama. Aliomba joho moja kati ya yaliyorudishwa, akalitandaza mezani, akalamba kidole gumba, akabonyeza begani. Alama ikatokea nyeusi ti, weusi ule ule wa Jumanne, katikati ya jivu. Akina mama wa kikundi wakasogea kutazama. Mwenyekiti akatazama simu yake.

Kabla alama haijakauka, Felisiani akasema, "Weusi ni huu hapa, Mwenyekiti, haukwenda popote. Siku zote tatu, ufunguo ulikuwa mfukoni mwa nani?"