Mwalimu Aliyebakizwa Likizo

Shule ilipofungwa, walimu wawili wa Kiingereza waliotoka nchi za nje walifunga mizigo siku hiyo hiyo. Wa tatu, mwanamke wa makamo ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Miwani, alikuwa na tiketi yake tayari, kwa kuwa mama yake alikuwa mgonjwa kitandani huko nyumbani. Asubuhi ya safari mkuu wa shule akamwita ofisini. Akamweleza kwa upole kwamba wazazi wameomba masomo ya likizo, wiki tatu tu, na kwamba mkataba unairuhusu shule kumbakiza. Pasipoti yake ilikuwa kwenye kabati la chuma nyuma ya kiti cha bwana huyo. Mwalimu alilitazama lile kabati, akarudi chumbani kufungua begi.

Basi akafundisha. Jengo zima lilikuwa tupu, viti vimepandishwa juu ya meza, isipokuwa darasa moja la watoto kumi na mmoja waliotamani kuwa mahali pengine, kama yeye. Jioni alimpigia dada yake mkubwa, aliyekuwa akimuuguza mama. Mwanzoni mama alizungumza mwenyewe, akimtania kwamba Kiingereza kitamkausha ulimi. Wiki ya pili, kila alipopiga, aliambiwa mama amelala. Mwalimu alijua, akajifanya hajui.

Simu yenyewe ilikuja saa nne asubuhi, watoto wakiandika imla. Akatoka nje ya darasa.

"Mdogo wangu," dada alisema, "tumemzika jana. Wakubwa hawakutaka uambiwe ukiwa peke yako huko."

"Aliniulizia?"

"Aliuliza. Tukamwambia uko njiani."

Akarudi, akawasomea sentensi mbili zilizobaki, akakusanya madaftari. Kisha akaenda ofisini. Mkuu wa shule alimpa pole, akaongeza kwamba, kwa kuwa mazishi yameshapita, bila shaka atamalizia wiki iliyobaki. Mwalimu alisimama pale pale mpaka yule bwana akageuka mwenyewe na kufungua kabati.

Alifika nyumbani siku ya tano baada ya mazishi. Godoro la mama lilikuwa limeanikwa uani, chumba kimeshapigwa deki. Wakakaa jikoni, yeye, dada na shangazi yao, aliyekuwa na ungo wa mchele mapajani. Alitaka kulia, machozi hayakuja.

"Hivi ulikuwa unafanya nini huko," shangazi aliuliza, "na shule zimefungwa?"

Akaeleza habari za mkataba, kwa kirefu. Shangazi akauliza tena. Akaeleza kwa kifupi. Shangazi akainamia ungo wake, akaendelea kuchambua mchele.