Ukingo wa Doa

Mimi nikiwa na wasiwasi siwezi kutulia. Siku ile, mwaka wa sabini na nne, nilikwenda na kurudi katika ukumbi wa hospitali, kule kupita Dagoretti Corner, mpaka mama mmoja akaniambia, "Dada, keti, unanitia kizunguzungu." Nikamjibu kwa ukali kwamba si baba yake aliyekuwa mle ndani.

Baba yangu, Maalim Shee, mwalimu wa chuo cha Kurani pale Ngara, alikuwa amelazwa chali kwenye mashine. Doa lilikuwa limeonekana kwenye pafu lake la kulia, na Daktari Kanini alitaka kuuona ukingo wake vizuri. Ukiwa laini, huenda ni kovu la zamani, liachwe. Ukiwa na vimiiba, kisu. Eksirei ya kawaida ilirundika mbavu, moyo na doa pamoja kama nguo kapuni. Mashine hii bomba lake la kutoa miale lilikwenda huku na filamu ikaenda kule, vyote vikafifia isipokuwa tabaka moja la mwili.

Mpiga picha, Odhiambo, akatoka chumba cha giza na filamu ambayo bado haijakauka. "Imeharibika tena. Mzee anatingishika."

"Baba yangu? Akiwa kwenye sala hata nzi hamfukuzi!"

"Basi kuja ujionee, dada."

Akanisimamisha nyuma ya kioo chenye madini ya risasi, kinachozuia miale. "Huko ndani ya bomba elektroni zinagonga chuma, mahali padogo sana. Pakiwa padogo, picha inatoka kali. Mashine iko sawa. Lakini yeye akisonga, ni kazi bure." Akapaza sauti: "Mzee, vuta pumzi! Zuia!"

Bomba likaanza kusafiri kwa kelele. Nikaiona midomo ya baba ikicheza, nikajua papo hapo. Alikuwa akisema inshallah. Kwetu huwezi kuagizwa jambo ukanyamaza tu, sembuse jambo la pumzi, ambayo ina mwenyewe. Kila alipoambiwa azuie, alijibu kwa adabu, pumzi ikamtoka, kifua kikashuka. Nilitaka kumkumbatia na kumgombeza kwa pamoja.

Nikaingia. "Baba, sema inshallah sasa hivi, umalize, ndipo uvute pumzi. Ukishavuta, usijibu kitu."

"Lo! Mimi nilidhani hanisikii," akasema, "ndiyo maana anarudia. Nikawa naongeza sauti."

Safari hii picha ilitoka. Daktari Kanini aliitundika kwenye taa. Mbavu zilikuwa ukungu mtupu, na katikati ya ukungu lilisimama doa, limekolea, na ukingo wake umejaa vimiiba. Sikuhitaji kuambiwa. Nilikuwa nimeipigania picha ile kwa ukali wangu wote, na sasa nilitamani ingeharibika tena.

"Tutampasua Jumatatu," alisema daktari. "Lina dalili mbaya, lakini tumeliwahi."

Nilimkuta baba akivaa kanzu. Nilikuwa nimepanga uongo njiani, lakini aliponitazama ulinipotea wote, nikamwambia kama nilivyoambiwa. Akauliza, "Kubwa kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwenye ncha ya kidole: kiasi cha punje ya kunde.

Akakishika kile kidole, akakitazama, akanitazama na mimi, mashavu yangu, mabega yangu, nguo iliyokuwa ikinining'inia tangu mwezi uliopita.

"Kitu kidogo hivi," akasema, "ndicho kilichokukondesha, mwanangu?"