Chupa za Mwaka wa Armelle

Alhamisi ya mwisho ya Septemba, Armelle alipiga kengele ya baiskeli mara mbili, akainua mkono, na wageni wake wanane wakafunga breki nyuma yake kwenye kokoto, mbele ya pango la divai. Walikuwa wametoka Saumur baada ya kifungua kinywa kizito, wameendesha kilomita kumi na mbili kando ya mto Loire, huko Ufaransa, na tayari walikuwa wanahema kana kwamba wamevuka milima. Baiskeli zenyewe zilikuwa za betri, miguu ilizunguka kwa heshima tu. Mizigo ilikuwa imetangulia kwa gari.

"Hapa ni kwa Bwana Firmin," aliwaambia. "Lile jumba mlilolipiga picha asubuhi, mawe yake yalichimbwa humu ndani, ndiyo maana pango ni refu hivi. Tutaonja divai, tupumzike dakika arobaini. Kofia zenu tundikeni pale."

Hakuwaambia kwamba alizaliwa kwenye kile chumba chenye dirisha la bluu, juu kidogo ya mlango wa pango. Wageni walimjua kwa jina moja tu, Armelle, na kwa miaka tisa ya kuwaleta watu pale hakuwahi kumwambia hata mmoja kwamba Bwana Firmin Gaudreau ni baba yake.

Mzee alitokea mlangoni na aproni yake ya bluu. Miaka themanini na minne, mgongo umepinda, lakini macho bado makali.

"Karibuni, karibuni. Kichwa chini, pango halina adabu, linapiga wote." Kisha, bila kumtazama sawasawa: "Habari za asubuhi, Bibi."

"Nzuri, Bwana Gaudreau."

Ndivyo walivyosalimiana kila Alhamisi, tangu Aprili mpaka mavuno ya zabibu, miaka yote tisa. Watu wazima wawili wenye akili timamu.

Chanzo kilikuwa chakula cha kufunga mavuno, Oktoba ya mwaka 1997. Mbele ya wavunaji thelathini na bata wa kuoka, Firmin alisimama na gilasi mkononi akatangaza kwamba shamba anamwachia binti yake. Hakuwa amemuuliza. Armelle alikuwa na miaka ishirini na sita na divai imempanda kichwani, naye akasimama.

"Shamba lako na matope yako, baki nayo," alisema. "Sitaki kuzeeka nimeinama kama wewe."

Firmin akaweka gilasi chini taratibu.

"Basi toka. Na ukirudi, utarudi kama mgeni. Utakaa benchi la wageni."

Mtu mwingine angelala, akaamka, akaona aibu, yakaisha. Akina Gaudreau hawakuumbwa hivyo. Mama, ambaye angewapatanisha kwa kumchapa kila mmoja kofi moja, alikuwa amefariki zamani. Armelle akaondoka na mkoba mmoja, akaishi Nantes miaka kumi na minane, akaolewa, akaachika, akarudi bondeni kuongoza watalii wa baiskeli. Alhamisi ya kwanza kabisa aliwaleta pango hili, akaketi kwenye benchi la wageni lile lile alilotajiwa, akingoja mzee atabasamu. Mzee hakutabasamu. Alimwita Bibi, na yeye kwa kiburi chake akajibu Bwana, na tangu hapo hakuna aliyekuwa tayari kushuka.

Lakini leo ilikuwa ya mwisho. Shamba lilikuwa limeuzwa kwa tajiri mmoja aliyetaka kuligeuza hoteli, na baada ya mavuno mzee angehamia nyumba ya wazee huko Angers. Armelle alikuwa amepata habari hizo kwa mwoka mikate, kama mtu baki. Njia nzima alikuwa akijikaza: leo namwita Baba. Neno moja tu. Nikishalisema, yeye atafanya lililobaki.

Aliketi kwenye benchi. Mzee akamimina divai changa, akaeleza kuhusu mteremko na jua la asubuhi, akatania kama kawaida yake. Wageni wakacheka. Miongoni mwao alikuwa Joos, daktari wa meno mstaafu kutoka Ghent, Ubelgiji, mtu wa kuingiza pua kila mahali, na mkewe Mieke, aliyekuwa akimvuta shati tangu Saumur bila mafanikio. Joos alikuwa ameshazama ndani ya pango na tochi ya simu.

"Bwana Firmin! Hizi huku nyuma ya wavu ni za nini? Hapa pameandikwa 1971, hapa 1976."

Armelle alizijua chupa zile kuliko alivyojua vidole vyake.

"Hizo si za kuuza," alisema mzee. "Huku kwetu mtoto akizaliwa, baba yake anaweka chupa kumi na mbili za mavuno ya mwaka huo. Mtoto anakua, divai nayo inakua. Chupa ni za mtoto."

"Kwa hiyo una watoto wawili!"

"Niliwapata wawili."

"Na wa 1971 yuko wapi?"

"Aliondoka," alisema Firmin, akifuta gilasi ambayo ilikuwa safi.

Sasa, Armelle alijiambia. Sema sasa. Lakini wageni wanane walikuwa wamekodoa macho, na akaona haya kulia mbele ya watu waliovaa kaptula za kubana. Na afadhali aanze yeye, aliwaza. Yeye ndiye aliyenifukuza.

"Lakini nasikia unahama," alisema Joos. "Zitabaki hapa zinywewe na watu wa hoteli? Si dhambi hiyo?"

"Joos, mwache mzee wa watu," alisema Mieke.

Firmin akatoa funguo mfukoni, akafungua wavu, akarudi na chupa moja iliyovaa koti la vumbi na ukungu. Alipoiweka mezani alimtazama Armelle. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka tisa kumtazama usoni namna ile, na Armelle akashika ukingo wa benchi. Anaifungua kwa ajili yangu, aliwaza. Ndiyo njia yake. Anaifungua niinywe mbele yake, yaishe.

Kizibo hakikutoka. Kilivunjika, kikawa unga mweusi ndani ya shingo ya chupa. Mzee aliichuja divai kwa kitambaa, akamimina. Rangi ilikuwa ya maji ya mfereji, na harufu ikajaa pangoni kabla hata gilasi hazijagawanywa.

"Siki," alisema Joos, akitema. "Samahani, Bwana Firmin, lakini hii imekufa."

Mzee alikunywa yake yote. Koo lilipanda na kushuka, uso haukubadilika. Halafu, bila kuombwa, akaenda kuleta chupa ya 1976. Kizibo chake kilitoka kizima, kigumu, na divai ikamiminika ya dhahabu, tamu, yenye asali na tofaa za kuoka. Wageni waliguna kwa raha kama watoto.

"Hii sasa ndiyo! Na huyu wa 1976?"

"Huyu ni Rémi. Yuko makaburini nyuma ya kanisa, alikufa na miaka sita." Mzee alimimina tena. "Huyu hajawahi kunisumbua."

Mieke akaweka gilasi chini. Alimshika mumewe mkono, na safari hii Joos akavutika, akatoka. Wengine wakafuata polepole kwenda juani, wakijifanya wanataka kupiga picha mizabibu.

Armelle alibaki. Alikunywa gilasi yake ya 1971 mpaka chini, ingawa ilimchoma koo.

"Za Rémi ulizibadilisha vizibo," alisema.

"Mwaka 2002. Kizibo kikifika miaka ishirini na mitano kinachoka. Unajua."

"Najua. Na zangu?"

Hakukuwa na haja ya jibu. Armelle alikuwa amelelewa humo. Kizibo kipya hupigiliwa mtoto mwenyewe akiwa amekaa kwenye kigoda, ameibana chupa katikati ya magoti, baba ameshika nyundo. Mtoto asipokuwepo, chupa haziguswi. Zinaguswa tu akiwa amekufa, na hapo baba hufanya peke yake, kama Firmin alivyofanya kwa Rémi.

"Ningezibadilisha peke yangu, ningekuwa nimekuzika," alisema mzee mwishowe. "Ulitaka nikuzike?"

Kwenye rafu nyuma yake, kati ya makorokoro yaliyosubiri kupakiwa, Armelle aliona kopo la kahawa. Alilishusha, akafungua. Vizibo kumi na viwili, havijatumika, vimekauka kama mbao, kila kimoja kimegongwa muhuri wa mwaka: 1997. Mzee alikuwa ameviagiza mapema, kabla ya ule ugomvi. Wangefanya kazi ile wiki chache baada ya mavuno, wao wawili.

Uchungu ukampanda mpaka kwenye meno.

"Ungeniita! Barua moja. Simu moja! Ningekuja usiku ule ule."

"Ungekuja tu. Mtoto haitwi kwao."

"Nimekuja! Miaka tisa, kila Alhamisi, nimekaa pale pale uliponiambia nikae!"

"Ulikuja na wageni," alisema Firmin. "Kila Alhamisi nilisema, leo atabaki nyuma. Atawaacha waende, atabaki, aseme neno. Ukawa wa kwanza kupanda baiskeli."

"Na mimi nilisema, leo ataniita jina langu."

Walitazamana kama watu waliokuta mlango uko wazi baada ya kuugonga siku nzima, na nyumba haina kitu ndani. Mzee akaanza kukusanya gilasi. Gilasi zikagongana.

"Wageni wako wanakungoja juani, Bibi," alisema.

Lile neno. Lilimtoka kwa mazoea, labda, au kwa sababu jina la bintiye lilimkwama. Armelle hakuweza kujua. Alichojua ni kwamba lilimkata, na kwamba akina Gaudreau wakikatwa hawalii, hunyanyuka. Akarudisha kopo kwenye rafu. Akanyanyuka.

"Ahsante kwa divai, Bwana Gaudreau," alisema, na kabla hajafika mlangoni alikuwa ameshajuta.

Nje alihesabu kofia, akakagua breki ya Mieke, akatangulia. Njia ilishuka kati ya mistari ya mizabibu iliyolemewa na zabibu, ikapinda kuelekea mtoni. Kwenye ile kona, mtu akigeuka, huona lango lote. Aligeuka. Mzee alikuwa amesimama langoni na aproni yake, mkono mmoja kwenye nguzo. Hakuwa amewahi kutoka nje kuwaaga wageni, hata mara moja.

Armelle akaweka mguu chini. Wageni wakampita mmoja mmoja kwa kelele za furaha. Akiniita narudi, aliwaza. Hata akipunga mkono tu, naacha baiskeli hapa hapa, naenda kwa miguu. Mzee alisimama. Naye Armelle alisimama. Umbali ulikuwa mdogo, sauti ya kawaida ingefika. Upepo haukuwepo wa kusingiziwa.

Waliendelea hivyo kwa muda ambao ungetosha kupigilia vizibo vyote kumi na viwili.

Mzee ndiye aliyeanza kuingia ndani.

Mieke alikuwa amemngoja kwenye kivuli cha mti wa mlozi. Waliendesha bega kwa bega, na mwishowe Mieke akashindwa kujizuia.

"Siachi kumfikiria yule mzee. Amemzika mmoja, na huyo mwingine hata kumtembelea hawezi? Mtoto wa namna gani huyo? Watu gani hao?"

"Watu wa hapa hapa," alisema Armelle. Ule ukali wa siki ulikuwa bado ulimini. "Nyoosha mpaka darajani, halafu kulia. Chakula cha mchana kiko tayari."