Leo Hanyonyi Mtu

Mpira wa kunyonyea asidi ulipasuka saa mbili asubuhi, malori matatu ya maziwa yakiwa yameshapanga foleni getini, na hapo ndipo watu wa kiwanda kile walipojuana.

Ulikuwa mpira mmoja tu, ukubwa wa limau. Unauvika kichwani mwa pipeti, ule mrija wa kioo wa kupimia, unauminya, unauachia, na asidi inapanda taratibu mpaka kwenye alama. Asidi yenyewe ilikuwa ya salfa, kali, nzito kama mafuta ya kupikia. Bila hiyo mafuta ya maziwa hayajitengi, na bila kuyapima mafuta kiwanda hakipokei hata debe moja. Sheria iliyobandikwa ukutani ilitaka mipira mitatu iwepo siku zote. Mpimaji alikuwa ameiomba mara nne kwa maandishi, na mara nne ameambiwa asubiri. Subira huvuta heri, wanasema. Pale ilivuta mpira uliooza.

Mpimaji huyo walimwita Kisiki tangu utotoni, kwa sababu akishasema hapana hata ulete trekta hang'oki. Alifunga chupa ya asidi, akavua glavu, akaenda kumwambia Meneja kwamba upimaji umesimama.

Meneja, ambaye nyuma ya mgongo wake aliitwa Bwana Chapchap, hakuinua hata macho.

"Umesimama kwa sababu ya mpira?"

"Kwa sababu ya mpira."

"Kwani mdomo huna?"

Sasa, hili si jambo alilolizua yeye. Zamani, kabla mipira haijaletwa, wapimaji wa pale walinyonya asidi kwa mdomo kama mtu anayekunywa soda kwa mrija, kisha wakaziba kwa kidole. Bingwa wao alikuwa mama mdogo wa Kisiki, aliyemlea baada ya mama yake kufariki, aliyemtafutia kazi hii, na ambaye bado ndiye mkubwa wa maabara. Walimwita Mdomo wa Chuma, naye alilipenda jina hilo. Na kinga yao unaijua? Kikombe cha maziwa. Kilikaa pembeni, asidi ikikugusa ulimi unasukutua, unatema, unaendelea na kazi. Kiwanda kizima kiliamini hivyo. Watu waliozungukwa na maziwa waliona wayape na kazi ya udaktari.

Meneja alimfuata Kisiki mpaka maabara, viatu vikigonga sakafu.

"Jua likipanda, maziwa yale yatachacha kwenye madebe," alisema. "Duka la vifaa liko mjini, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi. Sina muda huo. Ama unanyonya, ama unavua koti hilo uende nyumbani, na usirudi."

"Niandikie."

"Nikuandikie nini?"

"Andika kwamba umeniamuru kunyonya asidi ya salfa kwa mdomo. Tia sahihi. Nikiungua, daktari apate cha kusoma."

Dereva wa lori la kwanza, aliyekuja kuchungulia dirishani ajue kinachowachelewesha, alikohoa ili asicheke. Meneja hakutaka kuonekana mwoga mbele ya dereva. Alivuta karatasi, akaandika kwa hasira: Upimaji uendelee kwa njia yoyote ile. Akatia sahihi yenye mikia miwili.

Kisiki alivaa tena glavu na miwani ya kinga. Akafungua chupa, akachovya kijiti cha kioo, akadondosha tone moja katikati ya yale maneno "njia yoyote". Akaifunga chupa. Wote waliitazama karatasi. Iligeuka kahawia, ikawa nyeusi, na alipoigusa kwa ncha ya kijiti ikatoboka.

"Hiyo ni karatasi," alisema. "Ulimi ni laini zaidi. Na ikishaingia kooni, nani ataifuata huko? Mimi sinyonyi. Na leo hanyonyi mtu humu ndani."

Aliogopa, nisikudanganye. Kazi ile aliipenda na hakuwa na nyingine. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, naye hakuwa na nia ya kulirudisha.

"Sawa," Meneja alisema. "Wenye kazi zao wapo." Akamgeukia mama mdogo, aliyekuwa akiosha vyombo kwenye sinki muda wote huo. "Mama, hebu mfundishe mtoto wako kazi."

Mama mdogo alijaza kikombe cha maziwa, akakiweka mezani. Akachukua pipeti, akaifuta kwa kitambaa safi bila haraka. Kisiki akasimama kati yake na chupa.

"Mama mdogo, usinyonye."

"Nipishe, mwanangu. Haya nimeyafanya kabla hujajua kufunga kamba za viatu."

"Ndiyo maana ulimi wako umekufa."

Dereva aliingiza kichwa dirishani.

"Nyumbani unamimina chumvi mpaka baba mdogo anasukuma sahani," Kisiki aliendelea, maana aliyeyavulia maji nguo hana budi kuyaoga. "Tunacheka, tunasema ni uzee. Uzee gani kwa mtu wa miaka arobaini na nane? Nikikupa chai ya moto au iliyopoa, kwako sawa tu. Meno ya mbele yamekwisha kama ya bibi kizee. Kikombe hicho kimekusaidia nini?"

"Unaniaibisha mbele za watu!"

"Ndiyo, nakuaibisha! Bora nikuaibishe leo kuliko kesho nikulishe uji kwa mrija."

Mama mdogo alimtazama kwa jicho ambalo Kisiki alilijua tangu utoto, lile linalotangulia kofi. Kisiki hakurudi nyuma. Alingoja kofi. Lakini mama mdogo aligeuka, akatembea hadi alipokuwa Meneja, akamnyooshea ile pipeti.

"Shika."

"Ya nini?"

"Unavuta mpaka alama ile pale, unaziba kwa kidole. Ikipita alama, utajua mwenyewe. Anza wewe, bosi. Tukiona umemaliza, na sisi tutafuata."

Meneja alijikuta ameishika. Kisiki alivua miwani yake, akampa, akasimama na mkono juu ya kifuniko cha chupa. Kilichobaki ni Meneja kusema neno moja tu, fungua. Aliitazama chupa. Aliitazama karatasi yake, sahihi ikiwa nzima na maneno yametoboka.

"Bosi," dereva alisema dirishani kwa upole uliozidi kiasi, "tuyasogeze malori kivulini kwanza?"

Meneja aliweka pipeti mezani kama kitu kilichomchoma, akapapasa mfukoni kutafuta funguo za gari lake.

"Nikirudi na mipira hiyo nataka kila mtu awe tayari," alifoka, nao wakamwachia neno la mwisho. Dakika mbili baadaye walilisikia gari likitoka getini kwa kasi.

Kisiki alikaa. Alitaka kuomba radhi kwa habari ya chumvi, na hakujua aanzie wapi.

"Hata mimi nilikataa," mama mdogo alisema.

"Lini?"

"Siku yangu ya kwanza. Hapo hapo ulipo. Nilikataa mpaka saa tano."

"Halafu?"

"Halafu nikawaangalia waliokuwemo humu, mmoja mmoja, na kila niliyemwangalia aliinamisha kichwa."

Akavuta kiti, akakaa kando ya Kisiki mbele ya ile chupa, na hakuinuka hapo mpaka mipira ilipofika.