Shavu la Kushoto la Mkaguzi

Don Aristarco alikuwa amestaafu ukaguzi wa shule miaka sita iliyopita, lakini ukaguzi wenyewe ulikataa kumtoka. Alikagua mikate ya majirani, akakagua mahubiri ya padri, akakagua hata wajane wanavyolia makaburini. Rula yake ya chuma ilikaa mfuko wa shati kila siku ya Mungu, utadhani wakati wowote angeitwa akapime dunia. Mji mzima wa Cerro Pando ulimwita Mkaguzi, naye hakuujua utani uliokuwa ndani yake.

Sasa alikuwa anamwoza bintiye, Nicolasa. Na pale Cerro Pando, baba wa bibi harusi hunyolewa asubuhi ya harusi nje ya mlango wake, kwa wembe wa wazee wake, watu wamejaa na vikombe vya kahawa wakimtazama. Akifika kanisani na ndevu, husemwa kwamba amemtoa binti kwa shingo upande. Basi Mkaguzi akafukua sandukuni wembe wa babu yake, umeliwa na kutu, mpini wake wa pembe unacheza, akaupeleka duka la kinyozi la marehemu Fermín.

Dukani alikuwapo Eneida, mjane wa Fermín. Huyu ndiye aliyenoa kila wembe wa duka lile miaka ishirini na mitatu, nyuma ya pazia, huku mumewe akipokea sifa mbele ya kioo. Wanaume walijua, wakanyamaza, na Fermín alipofariki wakagundua ghafla kwamba ngozi zao haziuwezi mkono wa mwanamke. Miezi minne kiti kikakaa kitupu. Mwenye duka, mama mkwe wake Doña Tulia, alichoka kukifuta vumbi, akasema wazi: atakayemnyoa Mkaguzi siku ya harusi, mbele ya watu, ndiye atakayepewa ufunguo. Ama Eneida, ama Romualdo, mdogo wake Fermín, ambaye mpaka siku hiyo wateja wake wote walikuwa nyumbu. Eneida hakuwa na kazi nyingine wala hakuitaka.

Siku nane alihangaika na wembe ule. Aliusugua kutu kwa majivu laini na mafuta, polepole, bila kuyagusa makali. Akang'oa kijipini kilichooza mpinini, akagonga kingine cha shaba. Kutu ilipotoka, makali yakajionyesha yamepinda, yametuna katikati na kurudi nyuma huku na huku, kama tumbo la samaki. Eneida alifurahi mpaka akajicheka mwenyewe. Wembe wa namna hiyo hakuwa ameushika tangu enzi za baba yake.

Mkaguzi alikuja kuutazama kabla haujanolewa. Akachomoa rula, akaisimamisha kwenye makali, akavinyanyua vyote viwili dirishani. Mwanga ukapenya pande zote mbili.

"Umepinda," akasema.

"Ndivyo ulivyotengenezwa, Don Aristarco. Huu unanolewa kwa kuzungusha kifundo cha mkono. Ukiulaza bapa, jiwe litagusa katikati tu, huku kwingine kutabaki butu."

"Mama, mimi nimekagua shule arobaini. Mstari ulionyooka nikiuona naujua."

Akauchukua, akampelekea Romualdo aunyooshe. Romualdo hakusita, maana hakuwahi kusita kwa jambo asilolijua. Siku mbili aliukandamiza bapa kwenye kinoo, kwa nguvu zile zile anazonolea panga, akingoja tumbo lile liishe. Halikuisha. Alipochoka akatangaza kwamba kazi imekamilika. Mkaguzi akapima tena, akauona mwanga ule ule, akasema kwamba tofauti ni kubwa sana.

Eneida aliposikia alilia, tena si kidogo. Kisha akanawa uso, akafunga kinoo chake na mkanda wa ngozi ndani ya kitambaa. Alijua kitakachotokea Jumamosi, siku ya harusi.

Jumamosi kiti kikatolewa nje. Watu walikuwa wameshafika na arepa zao, vile vimkate vya mahindi, mkononi, Doña Tulia mbele kabisa. Romualdo akapaka povu, akaanza na shavu la kulia. Katikati wembe ulikula kama kichaa, na pembeni ukang'oa ndevu moja moja. Ukatoka mstari mweupe, kando yake kichaka, kisha mstari mwingine wenye damu, mithili ya shamba lililopaliliwa na mlevi. Mkaguzi aliendelea kusema vizuri, vizuri, huku machozi yakimtoka. Kengele ya kwanza ya kanisa ikalia.

Nicolasa akatokeza dirishani na shela lake kichwani. "Baba, mwite Doña Eneida. Padri hatatungoja."

Mkaguzi akainua kidole kimoja tu kumwita.

Eneida akaja na kitambaa chake, wala hakukimbia. Akaupokea wembe, akalowesha kinoo. Akaanza karibu na mpini, akavuta huku akikinyanyua kifundo cha mkono taratibu, makali yakaligusa jiwe hatua kwa hatua mpaka nchani. Akaugeuza, akarudia, tena na tena. Wale wanaume wakaacha kutafuna. Sauti ile waliijua. Ilikuwa ikitoka nyuma ya pazia miaka ishirini na mitatu, huku wao wakimsifu Fermín. Akaupitisha kwenye mkanda wa ngozi, akakata unywele mmoja hewani, akapaka povu shavu la kushoto. Mara moja juu mpaka chini, mara moja kufuata taya, basi. Shavu likabaki laini kama la bibi harusi mwenyewe.

Mkaguzi akalipapasa. Akawageukia watu. "Mnaona? Romualdo alishaunyoosha. Ndiyo maana unakata."

Eneida alikuwa ameshazunguka upande wa kulia. Akasimama. "Nani ameunoa, Don Aristarco?"

"Romualdo. Wewe umeupitishia maji tu."

Eneida akaufuta wembe, akaukunja, akauweka kiganjani mwa Mkaguzi. "Basi Romualdo amalizie."

Romualdo alikuwa amekwenda kuangalia nyumbu. Kengele ya pili ikalia, na Mkaguzi akaenda kumwoza mwanawe hivyo hivyo. Neno moja tu lingemwokoa, akalikalia. Kanisani, waliokaa kushoto waliona shavu la Eneida. Waliokaa kulia waliona la Romualdo. Alipofika altareni, watu walikuwa wanabadilishana viti ili walinganishe. Wakasema binti katolewa kwa nusu moyo, na Nicolasa alicheka ibada nzima nyuma ya shela.

Karamuni Doña Tulia alimshika Mkaguzi kidevu mbele ya wakwe. Akaugeuza uso ule huku, akaugeuza kule, akaukagua. Kisha akaenda mpaka meza ya Eneida, akauweka ufunguo kando ya sahani yake, akarudi kula.

Jumatatu foleni ya wanaume ilifika kona ya duka la mkate. Wote walikuwa na maelezo, na Eneida hakumuuliza hata mmoja. Mwisho kabisa alisimama Mkaguzi, na leso shavuni. Zamu yake ilipofika akakaa, akangoja kupakwa povu. Povu halikuja.

"Nani aliunoa?" Eneida akauliza.

"Wewe," akasema kwa sauti ya kuungama.

"Wa nyuma hawajasikia."

Mkaguzi akaigeukia foleni. "Eneida aliunoa. Na ule wembe haukuwa mbovu."

Eneida akamfunika shuka. Akainama, akaichomoa ile rula mfukoni mwa Mkaguzi chini ya shuka, akaitumia kukorogea sabuni.